Nukta sita kwenye duara: pale mfuatano wa 1, 2, 4, 8, 16 unapokatika

Swali lenyewe ni fupi. Chora duara, weka nukta kadhaa kwenye mzingo wake, kisha unganisha kila nukta na kila nukta nyingine kwa mstari ulionyooka. Mistari hiyo itaigawa nafasi ya ndani ya duara. Je, sehemu nyingi kabisa zinazoweza kupatikana ni ngapi?

Nukta 1 haina ya kuungana nayo, kwa hiyo duara linabaki zima: sehemu 1. Nukta 2 zinatoa mstari mmoja na sehemu 2. Nukta 3 zinatoa pembetatu katikati na sehemu tatu za pembeni, jumla 4. Nukta 4 zinatoa pembenne ambayo ndani yake mistari miwili inakatana, sehemu 4 za ndani na 4 za pembeni, jumla 8. Nukta 5 zinatoa ile nyota ya pembe tano ndani ya pembetano: sehemu 11 za ndani, 5 za pembeni, jumla 16.

Nukta 6 zitatoa sehemu ngapi, na umejuaje?

Hilo "umejuaje" ndilo linalolifanya zoezi hili liwe kisa kizuri cha kutenganisha hoja ya indaksheni na hoja ya didaksheni. Wanafunzi wa sekondari wakipewa swali hili, majibu yao kwa kawaida huangukia katika makundi manne:

"Ni 32, kwa sababu kila ukiongeza nukta, idadi inazidishwa kwa 2."
"Ni 30. Nimechora nikahesabu."
"Ni 31. Nimechora nikahesabu."
"Ni 31, kwa sababu idadi ya sehemu ni lazima iwe 1, kujumlisha idadi ya mistari, kujumlisha idadi ya makutano."

Jibu la tatu na la nne yana namba ileile, na bado hayako daraja moja. Jibu la kwanza limekosea, lakini sehemu kubwa ya hoja yake ni didaksheni safi kabisa. Mtu anayesahihisha kwa kutazama namba ya mwisho peke yake hataliona hata moja kati ya mambo haya.

"Kwa hiyo" za aina mbili

Indaksheni ni kuanza na mifano na kupanda hadi kanuni. Umeona hivi mara tano, unasema ndivyo ilivyo siku zote. Didaksheni ni kuanza na yale yaliyokwisha kukubalika, yaani maana za maneno, kanuni zilizothibitishwa na masharti ya swali, na kushuka hadi hitimisho ambalo haliepukiki.

Maelezo hayo yako katika vitabu vingi na wanafunzi huyakariri bila shida. Shida huanza wanapopewa hoja halisi na kuambiwa waseme ni ya aina gani. Hapo wengi hutazama sura ya nje: kukiwa na namba, wanasema ni indaksheni, kukiwa na herufi na kanuni, wanasema ni didaksheni. Kipimo hicho hakifai. Kipimo kinachofaa ni kusimama kwenye kila "kwa hiyo" na kujiuliza: je, yawezekana yote yaliyotangulia yawe kweli, na hiki kilichofuata kiwe uongo? Ikiwa yawezekana, hiyo ni indaksheni. Ikiwa haiwezekani kabisa, hiyo ni didaksheni.

Tulipime jibu la kwanza kwa namna hiyo, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: nimehesabu nikapata 1, 2, 4, 8, 16. Huo ni ushahidi tu, bado hakuna hoja. Hatua ya pili: kwa hiyo kila nukta mpya inazidisha idadi kwa 2. Je, zile hesabu tano zaweza kuwa kweli na kauli hii iwe uongo? Ndiyo, hakuna kinachozuia. Nukta ya sita inaweza kufanya lolote. Hii ni indaksheni. Hatua ya tatu: kwa hiyo nukta n zinatoa 2 kwa kipeo cha n − 1. Ukiikubali hatua ya pili, huwezi kuikataa hii. Ni didaksheni. Hatua ya nne: kwa hiyo nukta 6 zinatoa 2⁵, yaani 32. Nayo ni didaksheni, na hesabu yake haina kosa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa 32 ameruka mara moja tu, katika hatua ya pili. Mengine yote yamefuata sawasawa. Hapa ndipo panapofichika kosa ambalo walimu hulilalamikia bila kulitaja kwa jina: kanuni iliyopatikana kwa kukisia, ikishaandikwa kwa herufi, huvaa sura ya kitu kilichothibitishwa. Mwanafunzi akishaandika 2 kwa kipeo cha n − 1, anaitumia kwa imani ileile anayoitumia kanuni ya Pythagoras, na hakumbuki tena kwamba ilitokana na michoro mitano. Hoja moja inaweza kubeba aina zote mbili, na ndiyo maana kinachopaswa kupimwa ni kila hatua.

Kwenye karatasi

Chukua bikari, ifungue sentimita 8, chora duara. Sasa unataka nukta sita. Aliyefundishwa vizuri jometri ataacha bikari ileile ilivyo na kuirusha kuzunguka mzingo, kwa sababu nusu kipenyo huingia mara sita kamili. Nukta zinakaa kwa umbali sawa, mchoro unapendeza, na jibu linatoka 30.

Hakukosea kuhesabu. Katika mpangilio huo, ile mistari mitatu inayounganisha nukta zinazotazamana ni vipenyo, na vipenyo vyote hupita katikati ya duara. Mistari mitatu imekutana mahali pamoja, na sehemu moja imekosa nafasi ya kuzaliwa. Sasa isogeze nukta moja kwenye mzingo kwa sentimita 1, uchore upya. Mstari wake utapita pembeni ya kitovu kwa karibu nusu sentimita, na pale katikati itajitokeza pembetatu ndogo ambayo haikuwepo. Ndiyo sehemu ya 31.

Kalamu iwe imechongwa vizuri. Mstari mnene hufunika pembetatu hiyo, hasa kwa anayechora duara la sentimita 3 kwenye kona ya daftari. Katika kuhesabu, usiweke alama ya vema. Andika namba ndani ya kila sehemu. Anza na sehemu 6 za pembeni, zilizo kati ya mzingo na pembesita, kisha ingia ndani ambako utakuta 25. Kuandika namba kunasaidia kwa sababu hapa hisia hupotosha sana: anayetarajia 32 akipata 31 huona ameruka moja, anarudia, na baada ya kurudia mara tatu hatimaye anaipata hiyo moja kwa kuhesabu sehemu fulani mara mbili. Kanuni aliyoikisia imegeuka kuwa hakimu wa ushahidi, ilhali ushahidi ndio uliopaswa kuihukumu kanuni.

Je, anayeonyesha mchoro wake wenye sehemu 31 amelishinda jibu la 32? Wengi husema ndiyo, kwa kuwa mfano mmoja wa kupinga unatosha kuangusha kanuni. Lakini tulirudie swali: tuliulizwa sehemu nyingi kabisa zinazoweza kupatikana. Mchoro wa 31 unathibitisha kwamba 31 inapatikana. Hausemi lolote juu ya mpangilio mwingine ambao haujachorwa. Mwenye 32 anaweza kujibu, kwa haki kabisa, kwamba mwenzake hakuzipanga nukta vizuri, kama yule wa 30 alivyokuwa hakuzipanga vizuri. Michoro mia ya sehemu 31 haiwezi kuufunga mjadala huo. Mfano wa kupinga huangusha kauli ya "kila", na hapa kauli imefichwa ndani ya neno "nyingi kabisa", ambalo linahitaji kusema jambo juu ya mipangilio yote kwa mara moja. Kazi hiyo inahitaji didaksheni.

Kisio lililo sahihi bado ni kisio

Kabla ya kufika huko, liko jibu jingine la kati ambalo huwachanganya hata wenye kujua. Mwanafunzi makini anapokubali 31, huanza kutafuta ruwaza mpya. Anaandika tofauti kati ya namba zinazofuatana:

1, 2, 4, 8, 16, 31
1, 2, 4, 8, 15
1, 2, 4, 7
1, 2, 3
1, 1

Mstari wa mwisho una 1 na 1. Anasema: utaendelea kuwa 1 siku zote. Anapanda juu: 3 na 1 ni 4, 7 na 4 ni 11, 15 na 11 ni 26, 31 na 26 ni 57. Nukta 7 zitatoa sehemu 57.

Jibu ni sahihi. Nukta 7 hutoa 57. Na hoja ni indaksheni, tena ya ushahidi mdogo sana, kwa kuwa imesimama juu ya namba mbili tu, zile 1 na 1 za chini. Ipime kwa kipimo kilekile: namba sita za juu zingeweza kuwa kweli na tofauti inayofuata iwe 2, na hapo nukta 7 zingetoa 58. Hakuna kilichozuia. Kwa hiyo usahihi wa jibu hauigeuzi indaksheni kuwa didaksheni, wala kosa haliigeuzi didaksheni kuwa indaksheni. Aina ya hoja iko katika uhusiano kati ya kinachotangulia na kinachofuata; kama jibu limekuja kuwa kweli ni jambo jingine.

Hoja ya jibu la nne

Tuite kila mstari unaounganisha nukta mbili za mzingo "uzi". Anza na duara tupu, lenye sehemu 1, kisha chora nyuzi moja baada ya nyingine na uutazame kila uzi unapopita.

Uzi mpya unatoka kwenye mzingo na kuishia kwenye mzingo. Njiani unakata nyuzi zilizotangulia. Ukizikata mahali tofauti mara k, uzi huo wenyewe unakatika katika vipande k + 1: usipokata chochote una kipande 1, ukikata mara moja una 2, na kuendelea. Kila kipande kimelala ndani ya sehemu moja iliyokuwapo, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kwa hiyo kimeigawa sehemu hiyo mara mbili. Basi uzi mpya umeongeza sehemu k + 1: moja kwa ajili ya uzi wenyewe, na moja kwa kila makutano mapya.

Ukimaliza nyuzi zote, hesabu inajifunga yenyewe. Idadi ya sehemu ni 1, kujumlisha idadi ya nyuzi, kujumlisha idadi ya makutano ya ndani.

Nyuzi ni ngapi? Kila nukta mbili zina uzi mmoja, kwa hiyo ni n(n − 1)/2. Makutano ni mangapi? Hapa ndipo penye ufundi. Kila makutano yanatokana na nyuzi mbili, na nyuzi mbili zinazokatana ndani zina ncha nne tofauti. Ukigeuza: chagua nukta nne zozote kwenye mzingo. Zinaunda pembenne, na kati ya nyuzi sita zinazoziunganisha, ni mbili tu zinazokatana ndani, zile zinazounganisha kona zinazotazamana. Kwa hiyo kila kundi la nukta nne lina makutano mamoja, si zaidi wala si pungufu. Idadi ya makundi ya nukta nne ni n(n − 1)(n − 2)(n − 3)/24.

Kwa nukta 6: nyuzi ni 6 × 5 / 2 = 15. Makutano ni 6 × 5 × 4 × 3 / 24 = 360/24 = 15. Sehemu ni 1 + 15 + 15 = 31.

Sasa uliza lile swali: yawezekana hatua hizi zote ziwe kweli na nukta 6 zitoe 32? Haiwezekani. Ikiwa nyuzi zaidi ya mbili zitakutana mahali pamoja, makutano mawili au zaidi yanakuwa mamoja, vipande vinapungua na sehemu zinapungua. Ndiyo 30 ya pembesita sawa: kipenyo cha tatu kinapita pale pale vipenyo viwili vya kwanza vilipokatana, kinakosa kipande kimoja, na sehemu moja inapotea. Kwa hiyo 31 ndicho kikomo. Hoja moja imetoa jibu, imemfunga mdomo mwenye 32, na imeeleza mchoro wa 30 ulitoka wapi.

Faida hiyo ya tatu mara nyingi hupitwa bila kutajwa. Indaksheni iliyavumilia matokeo ya 30 kama kosa la mtu. Didaksheni ililazimika kusema wazi sharti lake, kwamba nyuzi tatu zisikutane mahali pamoja, na sharti likishasemwa, 30 inapata mahali pake.

Kwa nini ilizidishwa kwa 2 hadi nukta ya tano

Mtu akishaambiwa kanuni yake ilikuwa ya uongo, ana haki ya kuuliza kwa nini ilifanya kazi mara tano. Jibu linaonekana ukiongeza nukta ya mwisho na kuzitazama nyuzi zake moja moja.

Kuna nukta 4 tayari, unaweka ya tano. Inatoa nyuzi 4. Uzi unaokwenda kwa jirani wa upande mmoja haukati chochote: unaongeza 1. Uzi unaofuata una nukta 1 upande huu na 2 upande ule, unakata nyuzi 1 × 2 = 2, unaongeza 3. Unaofuata, vilevile 3. Wa jirani wa upande wa pili, 1. Jumla 1 + 3 + 3 + 1 = 8, na zilikuwepo sehemu 8. Zimekuwa maradufu.

Kuna nukta 5, unaweka ya sita. Nyuzi 5. Wa kwanza unaongeza 1. Wa pili una nukta 1 upande huu na 3 upande ule, unakata 3, unaongeza 4. Wa katikati una 2 na 2, unakata 4, unaongeza 5. Kisha 4, kisha 1. Jumla 1 + 4 + 5 + 4 + 1 = 15. Sehemu zilizokuwepo ni 16. Ili idadi iwe maradufu zilihitajika 16 mpya, na nyuzi hizi hazina namna ya kutoa zaidi ya 15.

Wanaoijua pembetatu ya Pascal, ile ambayo kila namba ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake, wataona jambo zuri zaidi. Kanuni ya sehemu ni sawa na kujumlisha namba tano za mwanzo za mstari wa n − 1, ukianza kuhesabu mistari kutoka sifuri. Mstari mzima hutoa jumla ya 2 kwa kipeo cha n − 1. Mstari wa 4 ni 1, 4, 6, 4, 1: una namba tano tu, kwa hiyo namba tano za mwanzo ndizo zote, jumla 16. Mstari wa 5 ni 1, 5, 10, 10, 5, 1: una namba sita, na ile 1 ya mwisho inaachwa nje. 32 kutoa 1 ni 31. Sehemu iliyokosekana, ambayo watu huitafuta kwenye mchoro kwa kalamu, ni hiyo 1 ya mwisho wa mstari.

Jina linalopotosha

Iko mbinu inayoitwa indaksheni ya kihisabati, na jina lake limewakosesha wengi alama. Mwanafunzi anaona neno "indaksheni" na kujibu kwamba ni hoja ya kutoka mifano kwenda kanuni. Sivyo. Mbinu hiyo ni didaksheni tangu mwanzo hadi mwisho.

Ina hatua mbili. Onyesha kauli ni kweli kwa n = 1. Kisha onyesha kwamba kila inapokuwa kweli kwa n, ni lazima iwe kweli kwa n + 1. Zikikamilika zote mbili, hakuna namba asilia inayoweza kuponyoka. Mfano wa haraka: jumla ya namba witiri n za mwanzo ni n². Kwa n = 1, jumla ni 1. Ikiwa jumla ya n za mwanzo ni n², namba witiri inayofuata ni 2n + 1, na n² + 2n + 1 ni (n + 1)². Basi.

Jaribu sasa kuithibitisha kanuni ya 2 kwa kipeo cha n − 1 kwa mbinu hiyohiyo. Hatua ya kwanza inapita. Ya pili inataka uonyeshe kwamba nukta mpya huongeza sehemu sawasawa na zile zilizokuwepo, na hapo unajikuta unaandika 1 + 4 + 5 + 4 + 1 na kupata 15. Mbinu inakataa. Ingekuwa ni hoja ya mifano, ingekubali bila wasiwasi, maana mifano mitano ilikuwepo.

Waliojikwaa na kisiki hicho hicho

Pierre de Fermat, mnamo 1640, alizitazama namba za umbo la 2 kwa kipeo cha 2ⁿ, kujumlisha 1. Zile tano za mwanzo ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni namba tasa. Aliamini kwamba zote zinazofuata ni tasa pia. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ya sita, 4,294,967,297, ni 641 × 6,700,417. Mifano mitano ya kweli, wa sita ukaangusha, kama kwenye duara.

Usemi wa n² + n + 41 unatoa namba tasa kwa kila n kuanzia 0 hadi 39. Mifano arobaini mfululizo! Weka n = 40 unapata 1,681, ambayo ni 41 × 41. Na George Pólya alitoa kisio lake juu ya vigawo tasa mwaka 1919. Lilionyeshwa kuwa la uongo mwaka 1958, na namba ndogo kabisa inayolipinga ni 906,150,257. Mtu angeweza kupima namba milioni mia tisa asione kasoro yoyote.

Haya hayaifanyi indaksheni kuwa kitu cha kudharauliwa. Dalili ya mvua ni mawingu, na mwenye busara akiona mawingu hutoa mtungi nje. Kisio la Goldbach la mwaka 1742, kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili, limepimwa kwa kompyuta hadi 4 ikifuatwa na sifuri 18, na mpaka leo halijathibitishwa. Wanahisabati wengi wanaliamini, na imani hiyo ndiyo inayowafanya waendelee kutafuta uthibitisho. Hata katika duara letu, ni kuhesabu michoro kulikotuambia kuna jambo la kutafutwa. Kosa ni kuyaita mawingu mvua.

Darasani na kwenye mtihani

Neno la swali ndilo linaloamua. "Kisia", "endeleza mfuatano", "toa kanuni inayofaa" yanaomba indaksheni, na aliyejibu 32 kwa swali la "endeleza mfuatano 1, 2, 4, 8, 16" hana kosa. "Thibitisha" na "onyesha kwamba" yanaomba didaksheni, na hapo mifano mia haina alama. Akiambiwa athibitishe kwamba zao la namba witiri mbili ni witiri, 3 × 5 = 15 na 7 × 9 = 63 havitoshi; inatakiwa (2a + 1)(2b + 1) = 2(2ab + a + b) + 1.

Lakini mwalimu asikimbilie kukata kila jibu lenye orodha ya mifano. Chukua kauli kwamba hakuna namba ya kipeo cha pili inayoishia na 2, 3, 7 au 8. Mwanafunzi anazidisha kila tarakimu kwa yenyewe kuanzia 0 hadi 9, anaandika tarakimu za mwisho: 0, 1, 4, 9, 6, 5, 6, 9, 4, 1, na anasema kazi imekwisha. Inafanana na indaksheni, na kumbe ni uthibitisho kamili, kwa kuwa tarakimu ya mwisho ya zao hutegemea tarakimu za mwisho za vinavyozidishwa, na tarakimu ziko kumi tu. Amepita zote. Kinachopungua kwenye jibu lake ni sentensi moja inayosema hivyo, na alama moja inaweza kushikiliwa hapo. Kupima pembe za pembetatu ishirini kwa kipimapembe na kupata jumla ya digrii 180 kila mara ni jambo tofauti kabisa, maana pembetatu haziishi.

Kwa atakayelitumia swali hili la duara darasani: usiwape nukta 6 mwanzoni. Waache wajaze jedwali hadi 5, waandike kanuni yao, na waandike pia, kwa maneno, wana uhakika kiasi gani na kwa nini. Kisha nusu ya darasa ichore nukta sita kwa kurusha bikari, nusu nyingine iziweke kwa jicho bila mpangilio. Zikisomwa 30 na 31 ubaoni kando ya 32, hoja ya nyuzi na makutano inakuwa na kazi ya kufanya. Pia watahitaji muda: kuchora nyuzi 15 vizuri na kuandika namba 31 ndani yake kunakula dakika kumi na tano za kipindi.

Wenye haraka wapewe nukta 10. Nyuzi 45, makutano 210, jumla na 1 ya mwanzo: 256. Hiyo ni 2⁸. Atatokea atakayepiga kelele kwamba kanuni ya 2 imerudi, na hapo muulize alitarajia kipeo gani. Kwa kanuni yake ya zamani, nukta 10 zilipaswa kutoa 2⁹, yaani 512. Mstari wa 9 wa pembetatu ya Pascal una namba kumi, tano za mwanzo ni kioo cha tano za mwisho, kwa hiyo tumepata nusu kamili ya 512. Nukta 11 zinatoa 386.